Improve, enhance, upgrade au mitigate: kipi kiingie kwenye ripoti yako?

Mfanyakazi wa Nairobi anaweza kuzungumza Kiswahili kutwa nzima, sokoni, kwenye matatu na hata mezani pake ofisini, lakini ripoti ya mwezi, ombi la ufadhili na wasifukazi huandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo kuboresha, kitenzi tulichozoea kukitumia kwa karibu kila jambo, kinapolazimika kugawanywa mafungu. Kiingereza kina “improve”, “enhance”, “upgrade”, “ameliorate”, “alleviate”, “mitigate”, “rehabilitate” na vingine vingi, na waandishi wengi huvichagua kwa kusikiliza kishindo chake: kinachosikika kikubwa ndicho kinachopewa nafasi. Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya namna hiyo, na ningependa kutetea kigezo tofauti. Kila kimoja cha vitenzi hivi kina dai lake kuhusu hali ya kitu kabla hakijaguswa. Kimoja hudokeza kwamba kitu kilikuwa kizuri tangu awali, kingine kwamba kilikuwa na upungufu, kingine kwamba kilikuwa kwenye daraja inayojulikana, na kingine hukiri kwamba ubaya wenyewe haukuondoka bali umepungua makali. Mwandishi akikosea kuchagua, msomaji hupewa habari za jambo ambalo halikutokea.

Improve na enhance

Hivi viwili ndivyo vinavyochanganywa zaidi, na tofauti yake inaonekana wazi kwenye maduka yanayouza mahitaji ya waoka mikate. Kwenye rafu moja kuna unga mweupe unaoitwa “bread improver”. Kwenye rafu nyingine, nyuma ya pakiti za viungo vya mchuzi, utasoma maneno “flavour enhancer”, mara nyingi pamoja na namba E621, ambayo ni monosodiamu glutameti. Hakuna mtengenezaji anayebadilishana majina hayo. Improver huchanganywa na unga wa ngano kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa dhaifu kwa kazi inayotakiwa. Ndani yake huwa na asidi askobiki na vimeng'enya vinavyousaidia unga uliokandwa kushika hewa, ili mkate uumuke na usinywee ukitoka jikoni. Enhancer haiji kuziba pengo. Hutiwa ili ladha ya nyama ambayo tayari imo ndani ya mchuzi isikike kwa nguvu zaidi.

Asili ya maneno hayo inakubaliana na rafu hizo. “Enhance” kilipitia Kifaransa cha kale, na shina lake ni neno la Kilatini altus, yaani juu. Maana yake ya kwanza ilikuwa kuinua, na kuinua huko hakukuwa lazima kuwe kwa heri. Mahakama zetu zimeihifadhi maana hiyo: mfungwa anayekata rufaa katika Mahakama Kuu anaweza kuonywa na jaji kwamba adhabu yake ikionekana kuwa ndogo mno inaweza kuwa “enhanced”, na mtu aliyejifunza kwamba neno hilo ni sawa na kuboresha anaweza kudhani ameletewa habari njema. Serikali ya Marekani nayo, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, iliviita vitendo ambavyo wengi waliviona kuwa mateso “enhanced interrogation techniques”, yaani mbinu za kuhoji zilizoongezwa nguvu. Kilichoinuliwa pale ni ukali.

“Improve” kilianza mahali pengine kabisa. Kilitoka katika Kifaransa cha Waingereza wa kale kikiwa na maana ya kupata faida, na kwa muda mrefu kilihusu ardhi: kulitia shamba kazi ili lilete mapato. Wanaolipa ada za ardhi katika Kaunti ya Nairobi wameishi na maana hiyo bila kuifikiria. Sheria ya ukadiriaji wa ardhi iliyotumika kwa miongo mingi kwa ajili ya ada hizo, kabla ya sheria mpya ya mwaka 2024, ilitenganisha thamani ya ardhi iliyo “unimproved” na “improvements”, yaani nyumba, ukuta, kisima na kila kilichojengwa juu yake. Banda la mabati linalovuja lilikuwa “improvement” kwa mujibu wa sheria hiyo. Hakuna aliyeuliza kama linapendeza.

Kwa matumizi ya kila siku, basi, “improve” huacha nafasi ya upungufu na hakilazimishi kuutaja. Ndiyo maana zawadi ya “most improved student” katika sherehe za shule hupokewa kwa tabasamu lenye kujikaza kidogo: mzazi anajua kwamba ili mtoto ashinde zawadi ile ilimpasa kwanza awe chini. “Enhance” kinataka kitu ambacho tayari kina sifa fulani, na mara nyingi kinachofuata ni jina la sifa hiyo yenyewe: “enhance security”, “enhance visibility”, “enhance its reputation”. Ukiandika kwamba mradi wako “enhanced” maji ya kijiji, msomaji makini atashangaa ulifanyia nini maji. Kilichoongezeka ni usafi wake au upatikanaji wake, na hilo ndilo la kuandikwa.

Kuna pia suala la sarufi linalomaliza ubishi mara moja. “Improve” kinaweza kusimama bila yambwa, yaani bila kutaja kinachotendewa: “the patient improved”, “sales improved”. “Enhance” hakiwezi, lazima awepo anayeinua na kinachoinuliwa. Aidha “improve on” ina kazi yake ya pekee, ambayo ni kuzidi kile kilichofanyika awali: “improve on last year's results” haina maana ya kuyarekebisha matokeo ya mwaka jana, bali ya kupata mazuri kuliko hayo. Nimeona mara nyingi kihusishi hicho kikiachwa, na sentensi ikabaki ikidai kwamba kampuni ilirudi nyuma na kubadilisha takwimu zake, jambo ambalo mkaguzi wa hesabu asingelifurahia.

Neno “improved” linapokuwa na kipimo

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu Nairobi ina mashirika mengi yanayoandika kuhusu vyoo, maji na majiko, na katika fani hizo “improved” si sifa ya kujisemea. Mpango wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kufuatilia maji na usafi huita choo “improved” pale kinapotenganisha kinyesi na watu kwa njia salama kiafya: choo cha kuvuta kilichounganishwa na mfereji wa majitaka au tangi, choo cha shimo chenye sakafu imara, choo cha shimo chenye bomba la hewa. Choo cha shimo kisicho na sakafu hiyo ni “unimproved”, hata kiwe kimepakwa rangi mpya na kufungwa mlango mzuri.

Kuna jambo la ziada ambalo ripoti nyingi hulipita. Choo cha aina nzuri kinachotumiwa na kaya zaidi ya moja hushuka hadi ngazi inayoitwa “limited”. Kikiwa cha kaya moja ndipo kinapohesabiwa kuwa “basic”. Katika Mathare au Kibera, ambako ploti nzima hutegemea choo kimoja, tofauti hiyo hubadilisha jedwali lote. Mwandishi anayesema “we provided enhanced sanitation” ili kukwepa kurudia “improved” hajapamba sentensi. Amelitoa neno lenye kipimo na kuweka lisilo nacho, na mfadhili anayelinganisha ripoti yake na za nchi nyingine hana pa kushika.

Majiko pia ni hivyo. Jiko la makaa lenye kitako cha udongo ndani ya bati, lililoanza kuenea nchini Kenya miaka ya 1980, limekuwa likiitwa “improved stove” katika maandishi ya nishati kwa kulinganishwa na lile la bati tupu, kwa kuwa hutumia makaa kidogo zaidi. Mbegu nazo ni “improved seed”. Katika mambo haya mwandishi hana uhuru wa kuchagua, na asiutafute.

Upgrade, na mabango ya barabarani

“Upgrade” kinataka ngazi. Lazima kuwe na daraja ya chini na ya juu, na mtu aweze kuzitaja zote mbili. Mfano ulio wazi kuliko yote nchini ni hospitali: vituo vya afya vya Kenya vimepangwa kuanzia ngazi ya 1, ambayo ni huduma za kijamii, hadi ya 6, ambamo imo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kituo kikitoka ngazi ya 3 kwenda ya 4 kime“upgrade”wa, hata kama wagonjwa wake bado wanasubiri foleni ileile. Kikipata vitanda vipya na kubaki ngazi ya 3, huduma imekuwa “improved”, na kuandika “upgraded” ni kukipandisha cheo ambacho hakina.

Wahandisi wa barabara wako makini zaidi kuliko wengi wetu. Soma bango la mradi kando ya barabara yoyote inayojengwa na mamlaka za barabara zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. “Upgrading to bitumen standards” ni barabara ya udongo au changarawe inayowekwa lami kwa mara ya kwanza. “Rehabilitation” ni barabara iliyokuwa na lami ikachakaa, na sasa inarudishiwa nguvu. “Maintenance” ni kuziba mashimo, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, kazi ambayo kila mwenye gari huichangia kupitia tozo ya mafuta iliyowekewa sheria mwaka 1993. Mkazi anayejua maneno hayo matatu anaweza kuhukumu mapema kama bango linalingana na kinachotendeka: ukiona “upgrading” mahali ambapo lami ilikuwepo tangu utotoni mwako, una haki ya kuuliza swali.

Majina rasmi ya miradi, hata hivyo, hayafuati kigezo hiki kila mara. Barabara ya Thika, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012 ikiwa na njia nane katika sehemu kubwa ya mwendo wake, iliandikwa katika nyaraka za wafadhili kuwa “Nairobi–Thika Highway Improvement Project”, jina la unyenyekevu kwa kazi iliyoigeuza kabisa.

Mitaa ya mabanda ndiyo inayonifikirisha zaidi. Serikali imekuwa na mpango unaoitwa “Kenya Slum Upgrading Programme”, ulioanzishwa pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, na mwingine unaoitwa “Kenya Informal Settlements Improvement Project”, ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Majina yanakaribia kuwa pacha. Wa pili ulijikita katika kuurasimisha umiliki wa ardhi na kupeleka barabara, maji, mitaro na taa mahali watu walipo. Wa kwanza, kwa upande wa Soweto Mashariki huko Kibera, uliwahamishia wakazi kwenye maghorofa ya muda Lang'ata kuanzia mwaka 2009 ili mabanda yabomolewe na maghorofa mapya yajengwe. Katika lugha ya wapangamiji duniani, “slum upgrading” kwa kawaida ni kuuinua mtaa ukiwa palepale, bila kuufuta. Kubomoa na kujenga upya huitwa “redevelopment”. Kwa kipimo hicho mradi wa “improvement” ulifanya “upgrading”, na mradi wa “upgrading” ukafanya “redevelopment” katika eneo hilo. Mwandishi wa utafiti hana mamlaka ya kubadilisha jina la mpango, lakini katika sentensi zake mwenyewe anaweza, na nadhani anapaswa, kutumia kitenzi kinacholingana na tingatinga lililoonekana.

Kwa simu na kompyuta jambo ni jepesi. “Update” ni marekebisho ya toleo ulilonalo, “upgrade” ni kuhamia toleo au kifaa cha daraja ya juu.

Mitigate, alleviate, ameliorate

Vitenzi hivi vitatu haviahidi uzuri. Vinaahidi kwamba ubaya utapungua, na ndiyo sababu ni vya uaminifu kuliko vile vya mwanzo pale hali ilipo mbaya kweli.

“Mitigate” hutokana na neno la Kilatini la ulaini. Mahakamani Kenya, mtu akishapatikana na hatia hupewa nafasi ya “mitigation”, yaani kueleza yatakayomfanya hakimu au jaji alegeze adhabu: kwamba ni mkosaji wa mara ya kwanza, kwamba ana watoto wanaomtegemea, kwamba amejuta. Hatia haifutiki. Nafasi hiyo si ya adabu tu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakwenda kinyume na Katiba, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba ilimnyima jaji uwezo wa kuyazingatia maelezo hayo. Katika masuala ya tabianchi neno hilo lina maana nyingine iliyowekewa mipaka: “mitigation” ni kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, na “adaptation” ni kujipanga kuishi na mabadiliko yanayokuja. Mifereji ya kuondoa maji ya mvua Mukuru ni “adaptation”. Pendekezo linaloiita “climate mitigation” litarudishwa na msomaji yeyote anayejua fani, ingawa mwandishi akisema kwamba mifereji hiyo ita“mitigate” athari za mafuriko kama yale ya mwaka 2024, atakuwa sahihi kabisa kwa Kiingereza cha kawaida. Ajabu ya lugha ni hiyo, na haina dawa zaidi ya kujua unamwandikia nani.

Kosa la kuangalia hapa ni “mitigate against”. Halipo. Kitenzi hiki huchukua yambwa moja kwa moja: “mitigate the damage”. Kinachofuatwa na “against” ni “militate”, chenye asili ya uaskari, na maana yake ni kufanya kazi dhidi ya jambo: “the poor drainage militated against the success of the project”. Herufi mbili tu zinavitenganisha, na nimevikuta vimebadilishana nafasi hata katika nyaraka zilizopitiwa na mawakili.

“Alleviate” ni kupunguza uzito wa mateso, na chanzo hubaki. Parasetamoli “alleviates” maumivu na homa ya malaria. Vimelea vinasubiri dawa nyingine. Kinachopunguzwa ni maumivu, si mgonjwa, kwa hiyo “patients were alleviated” si Kiingereza. Vivyo hivyo kwa umaskini: shirika linaloandika “alleviate poverty” limeahidi nafuu, na linaloandika “eradicate” limeahidi kung'oa mzizi. Bajeti ndiyo iamue.

“Ameliorate” ningekiacha. Kimetokana na neno la Kilatini lenye maana ya bora zaidi, na kinafaa mbele ya hali mbaya, kama “ameliorate prison conditions”, lakini karibu kila mahali nilipokikuta “improve” kingefanya kazi ileile kwa silabi chache. Pasipokuwa na ubaya hakikubaliki hata kidogo. Hakuna mtu anaye“ameliorate” ubora.

Vya kurudisha, na vya kusahihisha

Kundi hili ni la haraka. “Repair” na “fix” hurudisha kitu kwenye kufanya kazi, na “fix” ni ya mazungumzo. “Renovate” ni ya majengo, “restore” ni kukirudisha kitu kwenye sura yake ya asili, jambo ambalo jengo kama maktaba ya McMillan ya mwaka 1931 linalistahili kuliko kupakwa rangi ya kisasa. “Refurbish” imehamia kwenye simu na tarakilishi: kifaa kilichotumika, kikakaguliwa, kikasafishwa na kubadilishwa sehemu zilizochoka. Kwenye maduka ya katikati ya jiji huwekwa karibu na “ex-UK”, ambayo yenyewe husema tu kifaa kilitoka wapi na haiahidi kwamba kuna aliyekigusa.

Kwa maandishi na rekodi, “rectify” ni kuondoa kosa, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 hulitumia kwa kusahihisha sajili, ama na msajili ama kwa amri ya mahakama. “Amend” ni kubadilisha maandishi kwa utaratibu rasmi, na siku hizi hakiahidi kwamba mabadiliko ni mazuri: waliopinga mswada wa kurekebisha Katiba wa mwaka 2020 hadi ukaangukia Mahakama ya Juu Machi 2022 waliuita “amendment” sawa na waliouunga mkono. Anayetaka kusema kwamba mabadiliko ni ya heri hutumia “reform”, na hapo ajiandae kuthibitisha.

Pale ambapo hakuna kinachofaa

Wasifukazi ndio mahali ambapo vitenzi hivi vyote hushindwa. Chukua sentensi ya aina inayopatikana kwenye karibu kila ombi la kazi: “Responsible for improving and enhancing customer service processes.” Vitenzi viwili vimewekwa sambamba kana kwamba vitasaidiana, na kwa pamoja havimwambii mwajiri kama foleni ilifupika, kama malalamiko yalipungua au kama fomu tano zilibaki mbili. “Optimised” kingezidisha tatizo, kwa kuwa asili yake ni bora kuliko zote, na kitu hakiwezi kuwa bora kuliko vyote bila kutaja kwa kipimo gani: muda, gharama au makosa.

Katika hali hiyo ninapendekeza kuliacha kundi zima na kuchukua kitenzi kinachotaja kilichotokea: “cut”, “shortened”, “raised”, “halved”. “Cut the forms a new customer fills in from five to two” ni sentensi isiyo na fahari yoyote, na ndiyo itakayomfanya anayekuhoji aulize ulifanyaje. Ikiwa huna hesabu, “improved” kikifuatwa na jambo moja linaloonekana kinatosha: “improved the filing of claims by giving each branch its own register”. “Enhanced” kibaki kwa kile ambacho hata mtangulizi wako angekubali kwamba kilikuwa kizuri siku alipokukabidhi ofisi.